Kuweka VLAN na tranki kwa lodi balansa zilizo ndani ya VM, hatua kwa hatua

Wadau, hili swali limeshanifikia mara nyingi mno na kila mara najibu vipande vipande, huyu namtumia picha ya skrini, yule namwelekeza kwa simu usiku, kwa hiyo leo naliandika lote sehemu moja. Kwa aliye mgeni: VM ni kompyuta ya kufikirika inayoishi ndani ya seva (hiyo seva ndio hosti), lodi balansa kama HAProxy inagawa wateja kwa seva za nyuma yake, na VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi ile ile. Swali lenyewe huwa linakuja hivi: "Kaka, nimeweka HAProxy kwenye VM mbili, zinawaka vizuri tu, ila hazioni getiwei, na nikihangaika mpaka zikaiona basi ile IP ya pamoja inashikwa na zote mbili kwa wakati mmoja, shida nini?"

Na karibu kila nikifungua konfigi ya mtu nakuta kitu kile kile. Hajaamua tagi ya VLAN inavaliwa wapi na inavuliwa wapi. Kaweka kwenye swichi, kaweka kwenye hosti, halafu kaweka tena ndani ya VM. Au hajaweka popote akidhani upande wa pili umeshaweka. Ukilielewa hilo moja tu, kazi iliyobaki ni kuandika amri kwa utulivu na kupima kila hatua kabla hujaenda inayofuata.

Nadharia kidogo, halafu tunaachana nayo

Chukua Morogoro Road pale Ubungo. Barabara ni moja, ila daladala za Kimara, za Mbezi na za Kibaha zote zinapita hapo hapo, na abiria anajua apande ipi kwa kusoma kibao cha mbele. Tranki ndio hiyo barabara, tagi ndio kibao. Fremu (kifurushi cha data) ikipita kwenye tranki inaongezewa baiti 4 zenye namba ya VLAN, na namba unazoruhusiwa ni 1 mpaka 4094. Huo ndio utaratibu wa 802.1Q na swichi zote unazoweza kuzimeneji zinauelewa, iwe Cisco, MikroTik au nyingine.

Gari ikija haina kibao, swichi inaipeleka kwenye VLAN moja iliyopangiwa trafiki isiyo na tagi, inaitwa VLAN netivu. Kwa Cisco kama hujagusa kitu hiyo ni VLAN 1. Kumbuka hapo, maana huko mbele tutaibadilisha makusudi.

Basi, nadharia imeisha.

Uwe na nini kabla hujaanza

Mfano wangu ni wa ofisi ya kawaida: seva mbili za Proxmox (programu ya kuendeshea VM) naziita pve1 na pve2, swichi moja ya Cisco, na VM mbili za Ubuntu zenye HAProxy na keepalived (inayohamisha IP ya pamoja kutoka VM moja kwenda nyingine), yaani lb1 ndani ya pve1 na lb2 ndani ya pve2. Usiziweke zote mbili kwenye seva moja, seva ikizima umepoteza zote na bakapu yako haikuwa na maana.

- Kila seva iwe na poti mbili za netiweki angalau. Hii naisisitiza na sababu utaiona hatua ya 1.
- Waya wa konsoli wa swichi, na uujaribu kabla, sio uwe nao kwenye begi tu. Kariakoo unapata, ila nenda na laptop ujaribu pale pale dukani maana zipo zinazokataa draiva.
- Paswedi ya root ya Proxmox na ya enable kwenye swichi.
- Getiwei za kila VLAN ziwe zipo tayari kwenye rauta au kwenye swichi ya leya 3. Wengi wanasahau hii, wanajenga tranki nzuri kabisa halafu wanapiga pingi kwenda kwa getiwei ambayo haijawahi kuwepo.
- Karatasi. Ndio, karatasi na kalamu.

Kwenye karatasi andika hivi:

```
VLAN 10   USIMAMIZI   10.20.10.0/24   getiwei 10.20.10.1
VLAN 20   MBELE       10.20.20.0/24   getiwei 10.20.20.1
VLAN 30   NYUMA       10.20.30.0/24   getiwei 10.20.30.1
VLAN 999  TUPU        haina IP
IP ya pamoja: 10.20.20.10   lb1: .11   lb2: .12
```

MBELE ndiko wateja wanakoingilia, NYUMA ndiko seva za programu zilipo, USIMAMIZI ni yako wewe fundi. Namba zako zinaweza kuwa tofauti, ila kwa Cisco ziruke 1002 mpaka 1005, zimeshatengwa.

Hatua ya 1: Tenga poti unayoingilia na poti ya tranki

Proxmox ukishaiinstoli inakupa briji moja (swichi ya kufikirika ndani ya seva), vmbr0, iliyokaa juu ya poti ya kwanza, tuseme eno1, na IP unayotumia kuingia kwenye ukurasa wake iko hapo. Hiyo iache kama ilivyo. Iache kabisa. Tranki tunaijenga kwenye poti ya pili, eno2, na briji mpya vmbr1.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilishawahi kugeuza kuwa tranki poti ile ile niliyokuwa nimeingilia kwa ssh, saa kumi na moja jioni, niko Mikocheni na seva ziko Posta. Nilibonyeza enta, skrini ikaganda, nikajua nimejifungia nje. Njia nzima ya Ali Hassan Mwinyi ni foleni, na huku watu wa ofisi ile wananipigia simu hawawezi kufanya malipo. Nilifika nikarekebisha kwa dakika tano, lakini wale watu walikaa karibu saa mbili bila huduma kwa kosa ambalo poti moja ya ziada ingelizuia. Tangu siku hiyo hakuna kazi ya tranki naifanya bila njia ya pili ya kuingilia.

Kama seva yako ina poti moja tu, basi kazi hii ifanye ukiwa umekaa mbele ya seva na kiibodi mkononi.

Hatua ya 2: Tengeneza VLAN na tranki kwenye swichi

Ingia kwenye swichi. Poti ya 23 inaenda eno2 ya pve1, ya 24 inaenda eno2 ya pve2.

```
configure terminal
vlan 10
 name USIMAMIZI
vlan 20
 name MBELE
vlan 30
 name NYUMA
vlan 999
 name TUPU
exit
interface range GigabitEthernet1/0/23 - 24
 description tranki-pve
 switchport mode trunk
 switchport nonegotiate
 switchport trunk native vlan 999
 switchport trunk allowed vlan 10,20,30
 spanning-tree portfast trunk
 no shutdown
end
```

Swichi ya zamani kama 3560 au 3750 itakataa `switchport mode trunk` mpaka kwanza uandike `switchport trunk encapsulation dot1q`. Kwa 2960 amri hiyo haipo kwa sababu inajua dot1q peke yake, kwa hiyo usishangae ikikwambia haijui unaongea nini, ruka tu. Na kwenye IOS mpya (programu ya swichi za Cisco) ile ya portfast inaweza kutaka neno `edge` katikati.

Kwa nini netivu ni 999? Ili gari lolote lisilo na kibao liishie kwenye VLAN isiyo na mtu. Ukiiacha VLAN 1, VM uliyosahau kuiwekea tagi itaanza kuongea na vifaa vingine vyote ambavyo havijapangwa, na utakaa siku nzima unajiuliza imepataje IP ya ofisini.

Sasa onyo, na hili naliomba ulisome mara mbili. Siku ukitaka kuongeza VLAN 40, usiandike `switchport trunk allowed vlan 40`. Hiyo haiongezi, hiyo inafuta 10, 20 na 30 na kuacha 40 peke yake, na huduma zote zinakatika papo hapo. Amri sahihi ni hii:

```
switchport trunk allowed vlan add 40
```

Neno `add`. Waandikie na wenzako ubandike ukutani kwenye chumba cha seva.

Hakikisha kabla ya kuendelea:

```
show interfaces trunk
```

Inakuja na majedwali kadhaa. Moja linakuonyesha VLAN ulizoruhusu, linalofuata VLAN zilizoruhusiwa na zipo hai, la mwisho zile ambazo spanning tree (inayozuia trafiki isizunguke bila mwisho) inazipitisha. VLAN ikionekana kwenye lile la ruhusa na haipo kwenye lile la zilizo hai, maana yake hujaitengeneza kwenye hiyo swichi, rudi uandike `vlan 20`. Kama poti haionekani kabisa, waya haujachomekwa au upande wa pili bado haujawashwa, tulia.

Halafu sevu: `copy running-config startup-config`. Usisubiri mpaka mwisho wa kazi. Umeme ukikatika na UPS ikachoka, swichi inawaka na konfigi ya zamani na kazi ya tranki imepotea, na hili kwa Dar sio jambo la kufikirika.

Hatua ya 3: Briji inayoelewa VLAN kwenye Proxmox

Fungua `/etc/network/interfaces` kwenye pve1, kwanza kopi iliyopo pembeni, halafu ongeza chini yake:

```
auto eno2
iface eno2 inet manual

auto vmbr1
iface vmbr1 inet manual
        bridge-ports eno2
        bridge-stp off
        bridge-fd 0
        bridge-vlan-aware yes
        bridge-vids 10 20 30
```

Mstari wa `bridge-vlan-aware yes` ndio roho ya yote. Bila huo briji haichuji tagi kama tunavyotaka hapa. Na `bridge-vids` ni orodha ya VLAN zinazopita kwenye poti ya nje, kwa hiyo ukiongeza VLAN 40 kwenye swichi lazima uiongeze na hapa, ukisahau VM ya VLAN 40 itakuwa kimya na swichi haitakuambia kitu. Wapo wanaoandika `2-4094` ili wasirudi tena, inafanya kazi, ila mimi napenda orodha fupi kwa sababu nikiisoma najua nini kinapita.

Angalia jina la poti yako kwa `ip -br link`, inaweza isiwe eno2. Kisha:

```
ifreload -a
bridge vlan show
```

Kwenye majibu uione eno2 ikiwa na 10, 20 na 30. Rudia yote kwenye pve2, neno kwa neno.

Hatua ya 4: Pima tranki kabla VM hazijaingia

Hapa ndipo wengi wanaruka, halafu baadaye hawajui tatizo liko tabaka gani. Kwenye pve1 washa hii, inakuonyesha trafiki inayopita eno2:

```
tcpdump -eni eno2 vlan
```

Nenda kwenye rauta, piga pingi kwenda 10.20.20.11. Ndio najua hiyo IP haipo bado. Rauta itatangaza ARP (swali la "nani ana IP hii?") kwa VLAN 20 nzima ikiitafuta, na tangazo hilo linatakiwa lifike mpaka hapa. Ukiona mistari yenye `vlan 20` na 10.20.20.11, swichi na waya viko sawa. Fanya hivyo hivyo kwa VLAN 30 na 10. Usipoona kitu, tatizo liko nje ya Proxmox, usipoteze muda kuhangaika na VM.

Hatua ya 5: Amua tagi inavuliwa wapi

Tumefika penyewe. Una njia mbili na unachagua moja.

Njia A: hosti inavua tagi. Unaipa VM kadi tatu za netiweki, kila kadi na VLAN yake, na ndani ya VM hakuna anayejua habari za VLAN, anaona kadi za kawaida tu. Ile 101 ni namba ya VM ya lb1 kwenye Proxmox.

```
qm set 101 --net0 virtio,bridge=vmbr1,tag=20
qm set 101 --net1 virtio,bridge=vmbr1,tag=30
qm set 101 --net2 virtio,bridge=vmbr1,tag=10
```

Njia B: VM inavua yenyewe. Unaipa kadi moja, unaipitishia tranki, na ndani ya Ubuntu unatengeneza intafesi za VLAN.

```
qm set 101 --net0 'virtio,bridge=vmbr1,trunks=10;20;30'
```

Hizo alama za nukuu za kuzungushia usiziache, bila hizo shell inaona `;` inadhani amri imeisha pale, unapata VLAN 10 peke yake na makosa mawili ya ajabu chini yake.

Ipi uchukue? Kama VLAN zako ni tatu nne na hazibadiliki, chukua A, ndio nayowashauri wote wanaoanza. Ni rahisi kukagua, na mtu aliyeivamia VM hawezi kujirusha kwenye VLAN nyingine kwa kubadilisha namba. B ichukue pale ambapo lodi balansa moja inahudumia wateja wengi na kila mteja ana VLAN yake, huwezi kuongeza kadi kila wiki. Lakini ukichukua B usiache kuandika `trunks`, maana VM isiyo na tag wala trunks kwenye briji hii inaachiwa VLAN zote. Lodi balansa inaguswa na dunia nzima, sio mashine ya kuiachia milango yote wazi.

Kama VM ilikuwepo tayari na ina kadi, kwanza angalia `qm config 101` ukopi MAC yake (anwani ya kadi) uiandike kwenye amri, kwa mfano `virtio=BC:24:11:...`. Usipoiandika Proxmox inatoa MAC mpya, na kama kuna kitu kilikuwa kinaitambua VM kwa MAC ya zamani utakikosesha.

Kwa wanaotumia VMware wazo ni hilo hilo, ila kwenye swichi ya kawaida ya vSphere ile njia B unaipata kwa kuweka namba 4095 kwenye poti grupu.

Hatua ya 6: IP ndani ya VM

Kwa njia A, kwenye lb1 angalia majina kwa `ip -br link`, mara nyingi net0 ni ens18, net1 ni ens19, net2 ni ens20, ila ukichagua mashine aina ya q35 majina yanakuwa mengine, kwa hiyo linganisha MAC usibahatishe. Faili la netplan:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    ens18:
      addresses: [10.20.20.11/24]
      routes:
        - to: default
          via: 10.20.20.1
    ens19:
      addresses: [10.20.30.11/24]
    ens20:
      addresses: [10.20.10.21/24]
      routes:
        - to: 192.168.50.0/24
          via: 10.20.10.1
```

Tazama vizuri, getiwei ya default ni moja tu, ya VLAN 20. Nimeona watu wanaweka getiwei tatu, moja kila kadi, kwa nia njema kabisa, halafu mteja anaingia kwa ens18 na jibu linatokea ens20 na fayawoli ya njiani inalitupa. Ile 192.168.50.0/24 ni mtandao ambao laptop za mafundi zipo, nimeuelekeza urudi kwa VLAN 10 ili ssh yangu iingie na itoke mlango mmoja. Weka mtandao wako hapo.

Kwa njia B unaandika hivi badala yake:

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    ens18: {}
  vlans:
    mbele:
      id: 20
      link: ens18
      addresses: [10.20.20.11/24]
      routes:
        - to: default
          via: 10.20.20.1
    nyuma:
      id: 30
      link: ens18
      addresses: [10.20.30.11/24]
```

na ya usimamizi unaiongeza kwa mtindo huo huo. Usitumie `netplan apply` moja kwa moja, tumia `netplan try`, inakupa sekunde 120 uthibitishe na usipobonyeza enta inarudisha ya zamani yenyewe. Kisha piga pingi 10.20.20.1, halafu seva moja ya VLAN 30. Zote mbili zikijibu fanya lb2 vile vile kwa .12 (ile ya usimamizi iwe .22), na mwisho lb1 na lb2 zipigiane pingi kupitia VLAN 20. Hiyo ya mwisho usiiruke, keepalived inategemea njia hiyo hiyo.

Hatua ya 7: keepalived na HAProxy

Kwenye VM zote mbili ruhusu HAProxy ishike IP ambayo bado haipo kwenye mashine, vinginevyo ile iliyo pembeni inakataa kuwaka:

```
echo 'net.ipv4.ip_nonlocal_bind=1' > /etc/sysctl.d/90-lb.conf
sysctl --system
```

keepalived ya lb1:

```
vrrp_script ona_getiwei {
    script "/usr/bin/ping -c 1 -W 1 10.20.20.1"
    interval 2
    fall 3
    rise 2
}
vrrp_instance MBELE {
    state BACKUP
    interface ens18
    virtual_router_id 120
    priority 150
    advert_int 1
    virtual_ipaddress {
        10.20.20.10/24
    }
    track_script {
        ona_getiwei
    }
}
```

lb2 ni hiyo hiyo, badilisha `priority` iwe 100. Kwa njia B `interface` iwe `mbele`. Namba ya `virtual_router_id` ni 1 mpaka 255, ifanane kwa lb1 na lb2 ila isifanane na kundi lingine lolote kwenye VLAN hiyo. Mifano mingi mtandaoni ina 51 na watu wanakopi hivyo hivyo, kwa hiyo 51 iepuke.

Ile skripti ya kupigia getiwei nimeiweka kwa sababu maalum. VM haijui kama waya wa nje umechomoka. Kadi yake ni ya kufikirika, imechomekwa kwenye briji, na briji ipo hai muda wote. Chomoa waya wa eno2 kwenye pve1 na lb1 itaendelea kuona ens18 iko juu, itajiona ndio kiongozi, huku lb2 nayo imeshachukua uongozi. Skripti ikishindwa mara tatu, lb1 inaiachia IP yenyewe.

HAProxy kwa kuanzia, chini ya zile `defaults` zilizokuja na paketi:

```
frontend mbele
    bind 10.20.20.10:80
    default_backend programu

backend programu
    balance roundrobin
    server app1 10.20.30.21:8080 check
    server app2 10.20.30.22:8080 check
```

Washa zote, kisha `ip -br addr` kwenye kila VM. IP .10 ionekane kwa lb1 peke yake.

Hatua ya 8: Izime makusudi

Laptop yako iwe inapiga pingi 10.20.20.10 mfululizo. Kwanza `systemctl stop keepalived` kwenye lb1, IP ihamie lb2 karibu mara moja maana lb1 inaaga kabla ya kuondoka. Rudisha. Pili, zima VM ya lb1 ghafla kwa `qm stop 101`, hapo lb2 inasubiri kama sekunde tatu nne ndio inachukua. Tatu, ingia kwenye swichi ufanye `shutdown` poti ya 23, hili ndilo jaribio lenye maana kuliko yote kwa sababu linafanana na waya kuchomoka. Fanya yote kabla wateja hawajaingia, sio siku ya mshahara.

Ikigoma, angalia hapa

*VM haioni getiwei kabisa.* Panda ngazi kwa ngazi: `show interfaces trunk` kwenye swichi, `bridge vlan show` kwenye hosti, `qm config 101` uone tagi. Kadi ya VM kwenye hosti inaitwa tap101i0, unaweza kuipigia tcpdump moja kwa moja. Ukiwasha fayawoli ya Proxmox kwenye kadi hiyo utakuta katikati kuna fwbr101i0 na fwpr101p0, usichanganyikiwe, ni hiyo hiyo njia.

*ARP inatoka, jibu linarudi mpaka kwa hosti, VM inajifanya haijaliona.* Umeweka tagi mara mbili, `tag=20` kwenye hosti na tena VLAN 20 ndani ya VM. Kutoka inatoka kwa sababu briji inakubali tagi ya 20, ila wakati wa kurudi hosti inaivua, jibu linafika kwenye ens18 likiwa tupu na intafesi yako ya VLAN inasubiri lenye tagi. Piga `tcpdump -eni ens18 arp` ndani ya VM utaliona limekaa pale. Toa tagi upande mmoja.

*lb1 na lb2 zote zina IP .10.* Hazisikiani. VRRP (utaratibu ambao keepalived zinasikilizana kwao) inatangaza kwa anwani 224.0.0.18 na ni protokali namba 112, sio TCP wala UDP, kwa hiyo kufungua poti hakusaidii. Ruhusu ndani ya VM kwa `iptables -A INPUT -p 112 -j ACCEPT` na kwenye fayawoli ya Proxmox pia. Kisha piga `tcpdump -ni ens18 proto 112` kwenye lb2, kama husikii kitu kutoka .11 basi VLAN 20 imekatika kati ya pve1 na pve2, rudi hatua ya 2.

*IP imehamia lb2 lakini haijibu.* Angalia kama umewasha `ipfilter` kwenye fayawoli ya VM. Hiyo inaruhusu IP zilizoorodheshwa tu, na IP ya pamoja inabidi uiongeze kwenye ipset ya `ipfilter-net0` kwa VM zote mbili. Kama sio hiyo, rauta bado inakumbuka MAC ya lb1, futa ARP yake uone.

*Kurasa ndogo zinafunguka, kubwa zinaganda.* MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Kuna mahali umeweka 9000 na mahali 1500. Pima kwa `ping -M do -s 1472` kwenda seva ya nyuma, na kama huna sababu ya jumbo (hiyo 9000) rudisha yote 1500.

*Ilikuwa inafanya kazi jana, leo asubuhi hamna kitu.* Uliza kwanza kama umeme ulikatika usiku, halafu linganisha `show running-config` na zile amri ulizoandika hatua ya 2. Kama amri za tranki hazipo, haikuseviwa. Kama zipo, angalia mstari wa `allowed vlan`, kuna mtu ameongeza VLAN yake bila `add`.

Ukiniandikia kuomba msaada nitumie majibu ya amri tatu, `show interfaces trunk`, `bridge vlan show` na `qm config`, kama maandishi sio picha, na useme umechukua njia A au B.